Mwito wa Pili

Mwaka ule wa vita vya Kongo, nusu ya Ujiji ilikuwa inatafuta mtu. Khalfani wa Buzebazeba alikuwa anamtafuta dada yake mdogo, Mwasiti, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, mji wa Baraka. Habari zikamfikia kwamba boti aliyopanda na wakimbizi wenzake imewashusha kusini mwa mdomo wa Malagarasi, na wenye nguvu za miguu wameupanda mto kutafuta pa kuvukia. Hakungoja. Alimfuata rafiki yake Dismasi, Muha wa Ilagala, mwenye mtumbwi uliozibwa kwa bati ubavuni. Wakapakia unga na dagaa, wakashika makafi, wakaanza kuupanda mto.

Siku ya kwanza, saa tisa alasiri, jua linawaka kweli kweli, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye matete ya upande wa kusini.

"Jamani, tuvusheni!"

Mara moja tu. Dismasi akausimamisha mtumbwi. "Khalfani, tuitike."

"Thubutu!" alinong'ona Khalfani, kijasho kinamtoka. Yeye na Mwasiti walilelewa na bibi yao kwa sharti moja: ukiitwa mtoni, usiitike mwito wa kwanza. Binadamu ataita tena. Yule mwingine huita mara moja, na hupenda kuazima sauti ya ndugu yako. Sasa sauti ile ilifanana mno na ya Mwasiti, na hicho ndicho kilichomtisha. Ingekuwa ya mtu baki, wallahi angeitika.

Wakangoja. Matete yakatikisika kidogo, yakatulia.

"Umeona?" akasema Khalfani. "Piga kafi, twende zetu."

"Mimi nimesikia mtu," alisema Dismasi, lakini kafi akapiga. Hata leo nikisimulia hapa nashikwa na hasira. Watu wazima wawili, na ndevu zao!

Siku mbili walipita kambi za wavuvi wakiuliza, na kila waliyemuuliza alitikisa kichwa. Ile sauti ilimkaa Khalfani sikioni. Kila kafi likigusa maji anaisikia, jamani, tuvusheni. Siku ya nne akasema, "Turudi pale." Dismasi hakuuliza pale wapi.

Ukingoni mwa matete yale yale alikuwa ameketi mwanamke, kanga mbili mabegani. Moja Khalfani aliijua, maana aliinunua yeye mwenyewe. Mwanamke akasema anaitwa Regina, na kwamba ametoka Baraka pamoja na Mwasiti.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Regina aliyaonyesha maji kwa kidevu. "Juzi alisema atavuka kwa gogo. Alifika katikati, mto ukamchukua. Nilikuwa namtazama."

"Kwa nini hamkuita watu?" aliuliza Dismasi, na maskini, mdomo ulikuwa umeshamponyoka.

"Tuliita. Ulipita mtumbwi, Mwasiti akaita, ukasimama. Akaniambia, 'Hawa ni watu wa kwetu, wanangoja niite tena.' Nikamziba mdomo. Kule tulikotoka, ukiita mara ya pili, wenye bunduki wanajua ulipo." Macho yake yakashuka ubavuni mwa mtumbwi, yakakaa pale penye bati.

Khalfani alisimama, mtumbwi ukayumba. Alilia bila kujificha. Kisha akaita kwa sauti yake yote, "Mwasiti!"

"Bee!" ikaitika sauti kutoka ndani ya matete. Mara moja tu.

Regina hakugeuza hata shingo.

"Umesikia?" aliuliza Khalfani.

"Sijasikia kitu, ndugu yangu," alisema Dismasi. "Kaa chini, utatuzamisha."

Khalfani hakukaa, wala hakungoja mwito wa pili. Aliruka majini na nguo zake, akaanza kuyapasua matete kwa mikono, na Dismasi alipomfikia na kumkamata ukosi wa shati bado alikuwa anaitika: "Nimesikia, Mwasiti! Nimesikia, nakuja!"