Muzee Baudouin, Mwenye Ndama Mia Nne

Siku zake za mwisho, Léonie alimshika bwana yake Josaphat mkono. "Ndama ya kwanza ya ng'ombe yangu Malaika, umupe dada yangu Geneviève kule Aru. Yeye njo ameniosha hii miezi yote." Josaphat akaapa, akamzika, na Malaika ikazaa vizuri. Ilibaki karte tu, kile cheti cha ndama. Tangu bunduki zipunguze kelele huku Ituri, mtu anapita bariere ya barabarani na salamu, lakini ndama haipiti bila karatasi.

Karte zinatoka kwenye ordinatere, ile kompyuta ya chama cha wafugaji, pale Nyakasanza, mjini Bunia.

"Papa, mashini inakatala," akasema Adeline, sekretere. "Inasema Malaika iko dume. Dume haizalake."

"Weye umeona wapi dume ya kukamuliwa kila asubui?"

Adeline akacheka, kisha akaeleza. Aliyetengeneza programu ni mpwa wa Serge, prezida wa chama. Alitaka kumaliza mbele ya Noeli, basi akaandika kila ng'ombe iko dume, eti atatengeneza nyuma ya sikukuu. Wafugaji walipoomba ijaribiwe kwanza, prezida akawajibu: "Ni kitu kidogo. Mwaka kesho." Huo mwaka kesho umefika mara sita, na mpwa yuko Kampala, hashiki simu.

"Sasa ndama zote za Bunia zimezaliwa na nani?"

"Hazizaliwe, Papa. Siye tunaandika zimenunuliwa. Mashini ikauliza kwa nani, mi nikatia Muzee Baudouin."

"Baudouin gani?"

"Hayuko. Nilimubumba mwenyewe, ni jina tu." Adeline akashusha sauti. "Shida ni kwamba tangu mwezi huu muuzaji lazima akuje yeye mwenyewe, atie kidole kwenye wino."

Josaphat akatoka akiwatukana wakubwa wote, mpaka fundi aliyechonga kiti cha prezida. Wenye kuamuru hawajui hata chuchu ya ng'ombe iko upande gani!

Jumapili chama kikakutana mbele ya wageni wa heshima. Prezida Serge, ndani ya suti mpya, akasoma karatasi iliyotoka kwenye mashini: mfugaji bora wa mwaka, aliyeuza ndama mia nne na kumi na mbili, ni Muzee Baudouin! Akuje apokee blanketi! Makofi yakapigwa, watu wakageuka huku na huku. Adeline akaingiza kichwa chini ya meza.

Pale mbele kulikuwa blanketi, wino, na kitabu cha vidole vya wauzaji. Josaphat akakumbuka ule mkono wa Léonie. Akasimama.

"Niko."

"Weye si Josaphat?"

"Prezida, mashini yako inasema Malaika iko dume, umeiamini miaka sita. Leo mi nasema niko Baudouin, unakatala?"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Prezida akatazama wageni waliokaa mstari wa mbele, akaona heri kutoa blanketi kuliko kueleza. Josaphat akatia kidole, akapata karte. Kisha wiki hiyo hiyo ndama ikashuka kwenye kamio ya mizigo kule Aru, na Geneviève akalia kwenye simu.

Toka hapo mlango wa Josaphat haukukosa watu. Kila mwenye ndama alikuja kutafuta kidole cha Baudouin, naye aliwatilia wote, amekalia blanketi lake. Wa mwisho alikuja prezida mwenyewe, kofia mkononi. Ng'ombe zake nne zilikuwa zimezaa.

"Muzee Baudouin, unisaidie. Ni kidole tu."

Josaphat akapangusa wino kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ni kitu kidogo, prezida," akasema. "Mwaka kesho."