Mji Juu ya Magurudumu

Mume wangu Burito alipenda vitu viwili kuliko vyote, mtama wake na Landrova yake. Mimi nilifuata nyuma. Nasema hivyo bila wivu, maana gari lilikuwepo kabla yangu. Alilinunua kwa mapadri kwa fedha ya pamba, miaka michache baada ya Uhuru, nalo lilikuwa limeshachoka hata wakati huo: pikapu ya kijani iliyofifia, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba ya katani, injini ikikohoa kila asubuhi kama mzee mvuta kiko. Msimu wa pamba ilibeba magunia hadi Bunda. Miezi mingine kuku wangu walitagia ndani yake.

Mwaka wa Operesheni, ile ya kukusanya watu vijijini, tukaambiwa tuhame. Sisi tulikuwa tukiishi nyuma ya vilima, mbali kidogo na Nyamuswa, ardhi nyeusi yenye mtama unaompita mtu kimo. Kijiji kipya kilipimwa kando ya barabara, nyumba kwa mistari, kila mtu na kiwanja chake chenye mawe. Lengo lilikuwa zuri, shule karibu, bomba la maji likija litatukuta pamoja. Sikatai. Lakini mtama haukuhamishwa na Operesheni. Tulihamishwa umefika magotini, na nyumba zetu zikachomwa nyuma yetu ili tusirudi.

Kutoka kijiji kipya hadi shambani, ukitoka alfajiri unafika jua limeshapanda. Huwezi kulinda shamba kwa mwendo ule. Usiku nguruwe pori wangeingia, na tembo kutoka upande wa mbuga, na asubuhi ungekuta mabua yamelala. Ulikuwa mwaka wa njaa. Watu walikuwa wakipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa njano wa kutoka nje, na foleni haikumfikia kila mtu. Tulikuwa na watoto wanne. Bila mtama ule, tusingeufikia msimu mwingine tukiwa wote sita. Hilo Burito hakulisema, ila alilala akiangalia bati jipya juu ya vichwa vyetu, na mimi nilijua anahesabu vinywa.

Asubuhi moja akasema, "Mama Gati, nyumba wamekataza. Gari hawajakataza."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliisukuma ile Landrova mpaka ikawaka, akaenda nayo Musoma kwa Clementi, fundi wa kuchomea aliyekuwa rafiki yake tangu enzi za pamba. Clementi akampindia mabomba manne kuvuka bodi, yakawa mbavu za kubeba turubai. Akaongeza bamba kwenye springi za nyuma ili gari lisilale likibeba maji. Pembeni akachomea vishikio vya madumu mawili, na juu ya kebini akaweka fremu ya kubeba kuni, jembe, na mabati mawili mazito ya kutandika chini ya magurudumu gari likinasa kwenye tope. Turubai lenyewe Burito alilipata Butiama, kwa mama mmoja aliyekuwa akianikia muhogo. Lilinuka muhogo mpaka mwisho.

Nyumbani tulimalizia pamoja. Alitengeneza kitanda cha kamba za ngozi cha kuning'inia kati ya mbavu zile, chini yake pakakaa kreti za bia zenye chumvi, unga na kandili. Mimi nilishona turubai kwa sindano ya magunia. Kila upande nilikata dirisha na kulifunika kwa kipande cha chandarua, chandarua changu cha harusi, ndiyo, nilikikata. Jioni aliingia ndani, akalala chali, akacheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhame.

Majirani walipita kutazama. "Burito amekuwa Mzungu," wakasema. "Anaenda kulala mbugani kuangalia tembo."

"Wazungu wanalipaga pesa kuwaangalia," Burito akajibu. "Mimi nawafukuza bure."

Akaenda. Aliegesha katikati ya shamba, palepale palipokuwa nyumba yetu, kwenye majivu, maana hapo ardhi ilikuwa ngumu. Kila usiku aliwasha moto mkubwa nje na kupiga debe, na wanyama walipita mbali. Kila wiki nilimpelekea unga na mboga. Kulikuwa na siku moja niliyokaa naye hapo tukila ugali kando ya moto, mtama umefika kifuani, gari nyuma yetu na nguo zake zimeanikwa kwenye fremu, na nikajisikia nimerudi kwangu. Nilikuwa na furaha siku ile. Niiseme, isije ikaonekana kwamba miezi ile yote ilikuwa ya kilio.

Sasa nimtaje Bernado. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Nilimbeba mgongoni, nilimfundisha kupuliza kamasi. Operesheni ilipokuja akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji kipya, akanunua kalamu mbili za kuchomeka mfukoni, akaanza kutembea taratibu. Siku moja akaja hadi shambani kwa baiskeli, mimi nikiwepo. Hakukaa.

"Shemeji, moshi umeonekana."

"Moshi wa uji," Burito akasema.

"Wale jamaa wa mgambo hawajuagi uji. Wameniuliza, huko nyuma ya kilima ni mji wa nani. Nimewaambia hakuna mji, ni gari imeegeshwa."

"Si ni gari."

"Gari sawa. Shamba sawa, mtu analindaga shamba yake. Lakini moto hapana. Mahali penye moto ni mji. Wakikuta mji nje ya kijiji wanachoma, na gari watachoma."

Kwetu tukisema mji hatuna maana ya Musoma wala Mwanza. Mji ni boma la mtu, yeye na watu wake na ng'ombe wake. Na Bernado alisema kweli, hata wazee walihesabu hivyo: ukiuliza ukoo fulani una miji mingapi, wanahesabu mioto. Ndiyo maana ilinichoma. Alichukua neno letu wenyewe akatufungia nalo mlango.

"Bernado," nikamwambia, "mtu alale porini bila moto, na tembo wale?"

"Dada, mimi nimewekwa tu. Nikiwaachia nyinyi ndugu zangu, hao wengine nitawaambia nini?"

"Waambie wana njaa kama sisi."

Aligeuza baiskeli. Alikuwa anaogopa, niliona, shingo yake ilikuwa imelowa jasho na jua halikuwa kali. Lakini mtu anaweza kuogopa na bado ukamchukia, nami nilimchukia.

Burito hakugomba. Yeye ukimzibia njia huku anatafuta kule, ndivyo alivyokuwa. Alikwenda tena Musoma, akarudi na gunia la mkaa na jiko la bati.

Sisi hatukuwa watu wa mkaa. Tulipikia kuni, babu na bibi zetu kuni. Mkaa tuliuona Musoma tu, na Burito aliuona kwa Clementi, ambaye alipikia kibarazani, upepo ukipita. Alilileta lile jiko kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Tazama," akaniambia, "hakuna moshi. Hata kidogo. Macho hayawashi. Wataona nini?"

"Usiku wataona wekundu."

Akafikiri. Ndipo akayafunga yale madirisha yangu. Alichana tyubu kuukuu za matairi, akazipigilia kuzunguka turubai lote, chini kwenye bodi na pembeni kwenye mlango wa nyuma, akapaka lami kwenye mishono. Akaniita niingie, akafunga, kandili likiwaka ndani, kisha akazunguka nje akitafuta mwanga. Hakuuona. Alifurahi kweli.

"Utapumua wapi humo?" nikamuuliza.

"Mama Gati, sisi tumezaliwa kwenye nyumba za moto. Bibi yangu alilala na mafiga matatu na mbuzi humohumo, na moshi wake, na alizeeka mpaka akasahau jina lake. Huu hauna hata moshi."

Kilichoniuma baadaye ni kwamba alisema kweli. Wote tulilala na moto ndani maisha yetu yote. Ila nyumba zile zilikuwa za nyasi, na nyasi zinapitisha hewa usiku kucha bila mtu kujua. Turubai lenye lami halipitishi. Nani angetuambia? Moshi ndio uliotufundisha kuogopa moto. Ukizidi unakohoa, unatoka nje. Mkaa ulikuwa mpole.

Mvua za mwisho zilikuwa na baridi. Mtama ulikuwa umeanza kukomaa, vichwa vimeinama, vyekundu, na ndiyo majuma ambayo wanyama hawalali. Nilikwenda siku yangu ya kawaida na unga kichwani na kisamvu kwenye kibuyu. Nilifika jua limepanda. Kawaida nikikaribia huwa napiga kelele, naye anajibu kwa debe. Nikapiga kelele. Mtama ulikuwa umesimama, safi, haujaguswa, na matone juu yake. Nikafikiri amelala, usiku alikesha na nguruwe.

Nikagonga bodi. Nikagonga tena. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshikwa na mpira, ilibidi niuvute nimekanyaga bampa kwa miguu yote miwili. Ulipofunguka ilitoka joto, harufu ya muhogo na ya kitu kizito. Alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha kamba, mgongo kwenye ubavu wa chuma, debe mapajani na kijiti mkononi. Uso wake ulikuwa mzuri. Ulikuwa na rangi, kama mtu aliyetoka kuoga. Nilimpiga kofi. Nilimpiga mara nyingi, nikimwita jina lake, si baba Gati, jina lake. Jiko lilikuwa majivu.

Mganga wa zahanati alinieleza siku nyingine, hewa ya mkaa, haina harufu ya kukushtua, inakubembeleza tu. Nikamsikiliza mpaka akamaliza kisha nikamwambia asante.

Niliteremka hadi kijijini, nikawaambia watu, na wanaume wakaja nami. Bernado alikuja nao. Kalamu hakuwa nazo. Alisimama kando ya gari akashika tyubu ile iliyopigiliwa, akaifuata kwa kidole kuzunguka turubai zima, mshono hadi mshono, na nikaona ameelewa ilipigiliwa ili mwanga usionwe na nani. Hakuna aliyemweleza.

"Tumpeleke kijijini, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Makaburi yametengwa kule."

"Burito atazikwa kwenye mji wake."

"Dada, hapa si..."

"Maliza," nikamwambia.

Akaiachia ile tyubu. Wanaume wakaanza kuchimba, palepale kwenye majivu ya nyumba, kati ya gari na mtama. Lakini kwetu mtu hazikwi pasipo moto. Moto wa msiba huwashwa uani kabla ya maiti kushuka, watu wakae hapo, walale hapo. Na katika ukoo wa Burito mfiwa hauwashi, wala ndugu wa marehemu. Unawashwa na upande wa mke. Mkwe au shemeji. Baba yangu alikuwa ameshakufa.

Nilichukua kuni kutoka juu ya kebini, zile alizozibeba akazuiwa kuziwasha, kavu kiasi chini ya bati. Nikaziweka miguuni pa Bernado. Nikaweka na kiberiti cha Burito.

Wazee walinitazama. Bernado alikaa chini. Njiti za kwanza zilizimika, na hakuna aliyemsaidia, wala mimi. Nilitaka zizimike zote. Nilitaka akae hapo akiwasha mpaka mvua nyingine. Hatimaye moto ukashika, kuni zikiwa na unyevu kidogo pembeni, na moshi ukapanda juu ya kilima, mnene, mweupe, ukisimama wima.

Mgambo walipofika tulikuwa tumeshamfukia Burito. Walikuja kwa miguu, wanaume wenye jasho na marungu, kiongozi wao kijana wa kutoka wilaya nyingine, hakumjua mtu. Alitazama moto kwanza. Hakuliona kaburi, lilikuwa upande wa pili wa gari.

"Nani amewasha moto hapa?"

Bernado akainuka polepole, majivu kwenye magoti, masizi viganjani.

"Ni mimi."

Kijana akamtambua, akapunguza sauti. "Mwenyekiti? Si ulisema huku hakuna mji?"

"Nilisema."

"Na huu sasa?"

Bernado alinitazama. Sikumsaidia. Nilikuwa nimemsaidia maisha yake yote, kuvuka mito, kukimbia nyuki, na siku ile sikuwa na nguvu hiyo tena.

"Ni mji," akasema.

Kijana alichungulia ndani ya gari, akaona kitanda, kreti, jiko. Alitaka kufanya kazi yake vizuri, nadhani hakuwa mtu mbaya. "Haya," akasema, "wanaishi watu wangapi humu, niwaandikie wahamie kijijini?"

Mdogo wangu akamshika mkono, akamzungusha upande wa pili wa gari, akamwonyesha udongo mbichi.

"Mmoja," akasema. "Huyu hahami."

Kijana akavua kofia. Mimi nikasogeza kuni ndani ya moto, kisha nikaingia shambani kuanza kuvuna.