Kura ya Fundi Mapipa

Absalom Tarpley hakuwa na watumwa, gari la farasi, wala baba wa kujivunia. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa hata na pombe ya ramu ya kuwanywesha wapiga kura, ingawa kutengeneza mapipa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa na shamba dogo, lililompa haki ya kugombea, na ahadi moja: akifika Bunge la Virginia, mto wetu utapata daraja.

Mpinzani wake, Kanali Burwell Ashcombe, ndiye aliyekuwa mwenye pantoni iliyotuvusha mto. Tangu ile ya zamani izame na mama wa jirani yetu Gideon Mapp wakati wa mafuriko, hatukuwa na mazungumzo mengine ila daraja.

Siku ya uchaguzi wagombea walikaa mezani nje ya mahakama, sherifu katikati. Kwetu kura hupigwa kwa sauti. Unataja jina, aliyetajwa anasimama, anainama, anakushukuru. Mwishoni kabisa kila mgombea humpigia kura mwenzake. Ndiyo adabu.

Jua lilipoelekea kuzama, kura zilikuwa sawa. Zilibaki kura za wagombea wenyewe wawili. Zikibaki sawa, sherifu ataamua, naye alikuwa mume wa binti wa Kanali.

Kanali alisimama akitabasamu. "Bwana Tarpley."

"Nashukuru, Kanali."

"Haya fundi, zamu yako," sherifu akasema.

Tarpley akasimama.

"Vipi, umemeza msumari?" mlevi mmoja akapayuka.

"Mtaje muungwana, tukanywe!" mwingine akaunga.

Gideon hakupiga kelele. "Absalom, ndugu yangu," alisema tu.

Tarpley aliutazama mto pale bondeni, umejaa maji ya matope.

"Absalom Tarpley."

Kicheko kikakatika.

"Rudia," sherifu akasema.

"Umenisikia, bwana. Andika."

"Basi mshukuru mpiga kura wako!" akadakia yule mlevi. Tarpley, uso umemwiva, akainama mbele ya kiti chake mwenyewe.

Fundi alikuwa ameshinda kwa kura mbili. Kanali alichukua kofia. "Wewe si muungwana."

"Sijawahi kusema mimi ni muungwana, Kanali."

Kesho yake alimwandikia Kanali barua. Aliomba radhi kwa kuvunja adabu. Kwa kura aliyojipigia, hakuomba. Alimkaribisha awe wa kwanza kuvuka daraja. Hakuwa na pete ya muhuri, akaikandamiza nta ya kufungia barua kwa kidole gumba, akampa Gideon aipeleke. Kanali aliishi ng'ambo ya mto, kwa hiyo barua ilivuka kwa pantoni yake.