Choo cha Baba Mkwe na Kikohozi cha Nthenya

Akina mama wenzangu wa Nunguni, someni haya kabla hamjamtoa mtoto nyumbani. Mimi nilimtoa wangu.

Nthenya alikuwa na miaka sita alipoanza kukohoa. Kifua kikawa kinapiga filimbi, akakonda akabaki macho. Wakati huo nilikuwa nikimnyonyesha mdogo wake, Mulei. Majirani wakaniambia, "Hicho ni kifua kikuu. Utawazika wote wawili." Nikaogopa. Nikampeleka Tseikuru, safari ya siku saba, kwa dada yangu Kalunde aliyeolewa na wafugaji wa kule. Walisema nchi kavu inaponya kifua. Nilipoondoka alikuwa amelala. Sikumwamsha.

Miaka miwili nilikuwa nikipakua chakula, najikuta nimepakua cha mtu mmoja zaidi. Gauni lake nililificha chini ya mahindi nisilione, halafu nikaenda kulitafuta mwenyewe.

Mwaka jana, 1936, Mulei naye akaanza kukohoa vilevile. Nikajiuliza: amekitoa wapi, na Nthenya hayupo? Nikambeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni.

Mpimaji wa pale, Kilonzo, Mkamba mwenzetu, alimchoma kidole, akapaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, akaitazama kwa darubini. Akakawia. Mimi roho mkononi.

"Mama," akasema, "katika damu kuna chembe nyeupe. Nyingine zikitiwa rangi hii huonyesha punje nyekundu. Kwa mtu mzima wa afya, ukihesabu mia utaona mbili, tatu hivi. Za huyu ni thelathini na tano."

"Ni kifua kikuu?"

"Kifua kikuu hakina kawaida ya kuziongeza hivyo. Huongezeka kwa wenye pumu, kwa wenye ngozi ya kuwasha, na huku kwetu zaidi kwa wenye minyoo. Nimepima choo chake pia, mayai yamejaa. Minyoo ikiwa michanga hupita mapafuni, ndiyo maana anakohoa. Na chembe hizi zikikaa nyingi muda mrefu, zenyewe huumiza mapafu, hata moyo. Kwani kwenu hamna choo?"

"Tunacho! Kizuri. Hata hedimani, mkuu wa kijiji anayekagua vyoo, alikisifu."

"Na wewe na watoto mnaenda wapi?"

Nikatazama chini. "Kwenye migomba."

"Kwa nini?"

"Choo anakitumia baba mkwe wangu, Mzee Ndululu. Mimi nitakaaje alipokaa yeye? Na nthoni je?"

Nthoni ni ile heshima yetu ya mke kumkwepa baba mkwe; hata njiani ukimwona unaingia kichakani apite. Kilonzo akacheka mpaka akashika meza.

"Kumbe mlimchimbia hedimani choo! Minyoo haina nthoni, mama. Mtoto akicheza pale, anakula mayai yake pamoja na udongo."

Sikucheka. Nthenya alikuwa akicheza kwenye migomba ileile.

Mulei alipewa dawa. Mume wangu akachimba choo cha pili, cha wanawake na watoto. Mimi nikashika njia ya Tseikuru.

Kalunde alinikuta mlangoni. "Umekuja kuchukua ama kutazama?"

"Kuchukua. Hakuwa na kifua kikuu, dada. Ni minyoo."

"Minyoo!" Akaketi juu ya kinu. "Miaka miwili, kwa minyoo?"

Nthenya alikuwa amerefuka, bado mwembamba, bado anakohoa kidogo. Akanisalimia kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mgeni, kisha akamgeukia Kalunde: "Mwaitu, nimletee huyu maji?"

Mwaitu ndilo neno letu la kumwita mama.

Hospitali walimpima, wakahesabu chembe ishirini na mbili katika mia. Akanywa dawa yake, na sasa hakohoi. Mashavu yamejaa. Anambeba Mulei, ananisaidia kuni. Kwa hiyo nawaambieni, chimbeni choo cha pili, na mtoto apimwe kwanza kabla majirani hawajamhukumu.

Jana nilimwuliza kama anapenda kukaa kwetu.

"Nitakaa mpaka mvua iishe," akasema, "halafu nirudi kwa mwaitu."

Watu wanalalamika. Njia zimekatika, maharagwe yanaoza shambani. Mimi nakaa mlangoni naomba inyeshe tu.