Friji Iliyokataa Mteremko

Kipimajoto kilisema kumi na tisa, na Virginie hakuwa na la kukibishia. Daktari Ignace wa ofisi ya mifugo ya Beni alikitoa ndani ya friji ya kombi kwa vidole viwili, kama mtu aliyekamata panya kwa mkia.

"Mama Virginie, hii haiko frigo," alisema. "Iko kabati. Chanjo inaomba mbili mpaka nane. Mi siweze kukupatia dose elfu mbili uende kuzipika mu njia."

Ignace alikuwa ameletwa Beni na serikali kutoka mbali, Kananga huko, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Hakuwa mtu mbaya, ila kusema hapana kulimjia upesi kuliko kusema subiri. Alimpa mpaka Ijumaa, saa kumi alasiri. Friji isipopoa, chanjo ya kuku ingepelekwa Lubero, na akina mama wa Mbau wangengoja mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mshahara. Mwaka uliopita ugonjwa ule unaowapinda kuku shingo ulipita Mbau, na mama mzazi wa Virginie akazika kuku hamsini na wawili kwa juma moja, kisha akaketi mlangoni kutwa nzima. Virginie ndipo alipokwenda kujifunza kuchanja. Hasira ile hakuwa ameimaliza, wala hakutaka kuimaliza.

Kombi yenyewe ilimzidi umri. Wazungu wawili waliokuwa wakiizunguka Afrika waliitelekeza Kasindi, mpakani, injini ilipogoma. Ndani ilikuwa na kitanda, jiko la gesi, na friji ndogo chini ya meza, nayo ya gesi vilevile. Virginie aliinunua kwa ajili ya friji hiyo, na mtaa wake wote kule Butembo ulicheka mpaka ukachoka.

Aliporudi nyumbani alimwita Maliro, fundi wa mafriji waliyesoma naye darasa moja. Maliro aliingiza kichwa nyuma ya friji, akatafuta mota, akaona mabomba tu.

"Virginie, ba Wazungu balikuibia. Mota haiko. Nikate hii mituyau, nikuwekee compresseur ya kweli."

"Ukikata, na weye nitakukata."

Maliro hakukasirika. Alimjua tangu akiwa na meno ya mbele matatu. Alikaa chini, akakumbuka friji za mafuta ya taa alizowahi kuziona kwa mapadri, zilizokuwa zikigandisha maji kwa utambi tu, bila umeme. Basi hii nayo ilikuwa ya ukoo ule. Wakakwangua masizi kwenye bomba la moshi, yakajaa sahani nzima. Wakasafisha tundu la gesi kwa unywele wa mswaki, kwa kuwa sindano ingelipanua. Moto ukawaka wa buluu, umetulia. Nyuma ya friji kukawa na joto kama inavyotakiwa. Kesho yake kipimajoto walichoazima kwa nesi kikasema kumi na saba.

"Frigo imekufa," alisema Maliro.

"Hapana. Ni weye njo umechoka. Kaa, nikukarangie mayai."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Virginie aliwasha jiko la kombi, akamimina mafuta kwenye kikaango. Mafuta yote yakakimbilia upande mmoja, yakajibanza pale, upande wa pili ukabaki mkavu. Akakigeuza kikaango, mafuta yakarudi kulekule, mbele ya gari.

"Maliro, juu ya nini mafuta inakimbia?"

"Juu gari inainama."

"Inainama tangu siku gani?"

"Tangu unaiweka hapa."

Wakatazamana. Butembo ni milima, na starta za magari ya zamani hufa moja baada ya nyingine, kwa hiyo kila mwenye gari bovu huliegesha pua ikitazama chini. Asubuhi unaachia breki, linateremka, unalikamata kwa gia, linawaka. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Mtu hulikuta tu, kama jina la ukoo. Virginie aliiegesha kombi hivyo nyumbani, na kule Beni akatafuta kamteremko kandokando ya barabara akaiegesha vilevile. Nyani haoni kundule, na mtu wa Butembo haoni mlima wake.

Maliro alijipiga paji la uso. Sasa alikumbuka padri akihangaika na vibao chini ya miguu ya friji. Ndani ya mabomba yale kuna maji na dawa, alieleza. Moto unaipandisha dawa kwa mvuke, halafu inashuka yenyewe polepole, kama kijito. Hakuna mota ya kuisukuma. Ukiliinamisha gari, kijito kinakwama njiani, na friji inabaki kabati kweli.

Virginie hakungoja mayai. Alichukua jembe, akaanza kuukata mlima nyuma ya nyumba yake, kama bibi zake walivyokata matuta kijijini Kipese. Majirani walisimama juu ya ukingo wakimuuliza anamchimbia nani kaburi, na gari likishalala pale tambarare litawakaje. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mpaka alasiri alikuwa amepata sakafu ya udongo ya kuitosha kombi. Wakaiingiza, akaweka sahani ya maji juu ya friji, wakapachika vibao chini ya gurudumu moja mpaka maji yakatulia sawasawa pande zote.

Ijumaa alfajiri kipimajoto kilisoma sita. Virginie alilia kidogo, akafuta uso, akawaita majirani walewale waje wasukume.

Ofisi ya Beni ilikuwa na mahali pamoja tu palipo tambarare: katikati ya ua, mahali pa kuegesha gari ya jipu ya chef, mkuu wa ofisi. Virginie aliingia na kusimama papo hapo. Ignace alitoka mbio.

"Hapana hapa, mama. Peleka mu njia, tutapimia kule."

"Kule iko mteremko. Ni kule njo ulisomea kumi na tisa. Weka kipimo yako, funga, na upige muhuri, juu kesho mtu asiseme nilifungua."

Ignace alipenda sana mihuri. Aliweka kipimajoto ndani, akabandika karatasi kwenye mlango wa friji, akaipiga muhuri wa ofisi na kutia saini. Virginie akawasha gesi na kuketi mlangoni mwa kombi.

Saa mbili jipu ikafika, ikapiga honi. Chef alishuka, akatazama, akaamuru vijana watatu waisukume takataka ile nje. Virginie hakuinuka. Alisema kwa sauti ya chini.

"Basukume. Lakini mule ndani iko muhuri ya État, ya serikali. Gari ikitikisika, karatasi ikipasuka, nani atajibu? Mwenye kusukuma, aandike jina yake kwanza."

Alitoa kalamu. Vijana wakamtazama chef, chef akamtazama Ignace, Ignace akatazama viatu vyake. Kalamu ilikaa hewani mpaka mkono ukamchoka. Jipu ikaenda kusimama juani, ng'ambo ya barabara.

Saa kumi Ignace aliipasua karatasi mwenyewe. Alisoma, akakitikisa kipimajoto, akasoma tena.

"Tano," alisema.

Akaanza kuhesabu vichupa, akafika dozi mia tano, akafunika sanduku. Virginie akalifunua.

"Elfu mbili, docteur."

Ignace akahesabu mpaka zikatimia. Vijana watatu wakasukuma sasa bila kuambiwa mara mbili, na Ignace akaweka mikono nyuma ya kombi pamoja nao. Injini ilipowaka getini, chef alisogea dirishani.

"Siku ingine utasimama inje, mama."

"Siku ingine," alisema Virginie, "nitafika tena mbele ya weye kufika."