Waya Usiowahi Kuchomolewa

Usaili wa Rindala ulikuwa saa kumi kamili, na kompyuta ilikuwa imekataa katakata kuuona mtandao.

Chuo cha muziki cha ng'ambo kilikuwa na nafasi moja tu kwa wapiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Waamuzi walitaka kumsikia kupitia kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Simu walizikataa, kwa sababu zinaharibu sauti. Asiyeingia kwa wakati angehesabiwa kuwa hakufika. Jikoni, simu ya mama yake, Hiyam, ilikuwa ikicheza video bila shida. Mtandao ulikuwapo basi. Kompyuta peke yake ndiyo iliyosema haupo.

Rindala aliizima akaiwasha. Akaizima tena, akaipumzisha, akaiwasha. Ilikuwa vilevile.

"Ami yako aukate umeme wote," mama alisema.

Ami Nakhle, mdogo wa marehemu baba yake, alikuwa ameshafika mlangoni. Aliishi ghorofa ya juu, na hakuna tatizo la umeme lililompita. Alifungua sanduku la swichi, akaishusha swichi kuu kwa madaha. Friji ikanyamaza.

"Sasa haina ujanja," alisema, akaipandisha.

Rindala, aliyekuwa ameizima kompyuta kabla ya hapo, akaiwasha; ukaidi wake ukawa uleule.

"Kata tena, Ami," Rindala alisema. Aliizima kompyuta, akaingia chini ya meza. Friji ilinyamaza mara ya pili. Lakini nyuma ya kompyuta, penye tundu la waya wa mtandao, kijitaa cha kijani kiliendelea kuwaka bila hata kupepesa.

"Ami, umekata kweli?"

"Unaniuliza mimi? Husikii friji ilivyonyamaza?"

"Mbona huku kuna taa?"

Aliufuata waya wa umeme kwa mkono hadi nyuma ya kochi, kwenye betri aliyoifunga Ami. Beirut nzima iliishi hivyo: umeme wa serikali ukiondoka, betri inashika mpaka jenereta ya mtaa iamke. Tangu siku betri hiyo ilipofungwa, kompyuta haikuwa imekosa umeme hata kwa kufumba na kufumbua. Walikuwa wanaukata ukutani, huku betri ikiendelea kuilisha kompyuta.

"Naichomoa hapa."

"Thubutu. Nife mimi kabla yako, mwanangu, lakini huo waya hauchomolewi. Mtaa mzima unazimika, hapa hakijazimika kitu."

"Ndiyo maradhi yenyewe, Ami. Haijawahi kuzimika."

"Kwani ni mtu, inataka usingizi?"

"Nakhle," mama alisema kutoka jikoni, "mwanangu akikosa chuo kwa ajili ya waya wako, kahawa ya nyumba hii utaishia kunusa harufu."

Ami alilipima hilo. Kisha akapiga magoti, akihema, akauchomoa waya mwenyewe. Hakukubali mkono mwingine uuguse. Rindala alichomoa na ule wa mtandao. Halafu akakibonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia, ili chaji iliyosalia ndani iishe. Feni ilijitikisa kidogo, ikakata tamaa.

Sasa hapakuwa na mwanga wowote nyuma ya kompyuta.

"Imekufa," Ami alisema kwa huzuni.

"Ife vizuri," alisema Rindala.

Wakangoja kidogo, wakarudisha nyaya, na Ami akaipandisha swichi kuu. Kompyuta ikawaka. Kijitaa cha kijani nacho kikawaka, safari hii kikipepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga. Ukurasa wa chuo ukafunguka, na mwanamke mwenye mvi akainua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Rindala Shidyak? Tulikuwa karibu kulikata jina lako."

"Nipo."

Alivaa pete za kupigia, akaanza kwa kasi zaidi kuliko alivyokusudia. Hakuthubutu kupunguza. Akaufuata mwendo huo, nyuzi zikamkubali, na kufikia katikati alikuwa anacheka peke yake.

Alipomaliza, waamuzi walizima kipaza sauti. Midomo yao ikawa inacheza kimyakimya.

"Sauti imekufa tena?" Ami alinong'ona. Alikuwa ameketi sakafuni, ameuzingira ule waya kwa miguu yote miwili.

"Wameizima wenyewe. Usiguse kitu."

Sauti ikarudi.

"Rindala," mwanamke yule alisema, "viza huchukua muda. Anza kuishughulikia leo, maana masomo—"

Vigelegele vya Hiyam vilitoka jikoni, na sentensi ile haikusikika mwisho wake.