Meza ya Mama Itakaa Wapi

Tulikuwa na siku moja tu ya kuchagua nyumba, na siku yenyewe ilishafika saa saba mchana. Baba, fundi umeme, alihamishiwa kiwanda cha mji huu akatangulia kazini. Lori la vitu vyetu lilikuwa njiani, lifike jioni. "Mimi hata stoo nalala," alisema kwenye simu. "Chagueni ninyi."

Sharti lilikuwa moja: sebule iweze kubeba meza ya Mama ya kukatia nguo. Miguu yake inafunguliwa, lakini ubao ni mmoja, na Mama hataki kusikia habari ya msumeno. Bila meza hashoni, na asiposhona, mshahara wa Baba peke yake hautoshi kodi na shule yetu.

Daftari la vipimo nililishika mimi. Nilishamaliza mwaka mzima nikijifunza kushona kwa Mama, kwa hiyo kichwa kilikuwa juu. Meza niliipima mwenyewe kabla haijapakiwa: urefu inchi tisini na nane, upana hamsini.

Mtaa wa kwanza ulikuwa jirani na kiwanda. Dalali alipotaja kodi, Shangazi, dada yake Baba, alimtazama juu mpaka chini. "Hiyo ni ya mwezi, au ndiyo tunauziwa kabisa?" Tukageuza.

Mtaa wa pili ulikuwa mwisho wa njia ya basi. Nikaupenda kabla sijafika mlangoni: bomba uani, shule ng'ambo ya barabara, na wanawake watatu wakipita na vitambaa vipya begani. Mama naye aliwaona. Kodi ilikuwa nusu ya ile ya kwanza. Mama akaivuta tepu kutoka shingoni, akapima ukuta wa dirishani, kona hadi kona.

"Tisini na saba."

Nilisoma daftari. Tisini na nane.

"Si mgeuze," alisema Shangazi.

"Nikigeuza, meza inaziba mlango wa vyumbani, wifi. Tutakuwa tunapita chini kama paka?"

Inchi moja. Mama alitoka bila kugeuka nyuma, na nilijua roho inamuuma, maana hakukunja tepu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ghorofa ya nne. Sebule pana kama ukumbi, kodi ya kuumiza, ila ingelipika kama tungejinyima sana.

"Huku juu hewa safi, mama," alisema dalali.

"Yangu imebaki kwenye ngazi," Shangazi alijibu, ameshika kiuno.

Mama alisimama dirishani. "Mjamzito atapanda ngazi zote hizi kufuata gauni? Hebu nisomee tena hiyo meza."

"Tisini na nane kwa hamsini."

"Hamsini?" Aligeuka polepole. "Kitambaa cha inchi arobaini na nane nikikitandaza pale kinafika ukingo kwa ukingo. Hizo mbili umezitoa wapi?"

Masikio yaliniwaka moto. Kwa mwaka mzima, kila kipimo alichonitajia niliandika nimeshaongeza inchi mbili za mshono. Mkono ulizoea. Nilikuwa nimeiachia meza nafasi ya mshono, kama vile kuna siku itanenepa tuifumue.

"Nimeongeza," nilisema. "Urefu na upana, zote."

Shangazi alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa midomo. "Tisini na sita. Inaingia. Dalali, mpigie mwenye nyumba wa kule."

Dalali alipiga, akasikiliza, akashusha simu. "Yupo na mteja sasa hivi."

Sijawahi kumuona Mama akishuka ngazi vile. Tulipanda pikipiki mbili, Shangazi akimwambia dereva wetu kwamba kama anaogopa kukimbia ampishe aendeshe mwenyewe.

Tulimkuta kijana mmoja uani, simu sikioni, akimweleza mtu kuhusu rangi ya ukuta. Mwenye nyumba, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsubiri.

"Shikamoo, mama. Tunachukua," alisema Mama, pumzi juu juu.

"Marahaba. Kuna mtu kabla yenu."

"Amesema anachukua?"

Mwenye nyumba alimtazama kijana, ambaye sasa alikuwa amefika kwenye rangi ya mlango. "Tangu saa nane anasema anafikiria." Akainuka, akampungia mkono yule kijana kwa upole. "Mwanangu, endelea kufikiria tu. Nyumba imepata mtu."

Mama alipima ukuta tena, mara mbili, mimi nikishika ncha ya pili. Tisini na saba. Akampigia Baba. Akamweleza dirisha, mwanga, meza itakavyokaa, mahali pa cherehani, kibao chenye jina kitakavyoonekana kutoka barabarani.

"Vizuri sana," Baba alisema. "Na vyumba vya kulala vikoje?"

Mama alinitazama. Mimi nikamtazama Shangazi. Mlango wa vyumbani ulikuwa umefungwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuugusa.

"Subiri kwenye simu," Mama alisema, na sote watatu tukakimbilia kitasa.